Mashine ya Mawimbi Zizini kwa Mjomba

Tetemeko lilitokea kusini, ng'ambo ya Madagaska, chini ya bahari kabisa, na mashine yangu ya kupimia mitetemo iliyoko Busawe ikaniambia limetokea Kongo.

Nilikuwa ofisini Dar es Salaam, chai imeshapoa, nimeinamia kompyuta. Mashine ya Robanda ilisema kusini. Ya Tarime ilisema kusini. Ya Busawe, iliyo katikati yao, ikang'ang'ania magharibi. Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea mimi. Nikarudia tena. Halafu nikaangalia siku za nyuma, nikaona jambo jingine: kila jioni jua likikaribia kuzama, mashine hiyo ilianza kutikisika hovyo, ikatulia kidogo usiku, ikachachamaa tena asubuhi, kisha mchana kutwa kimya. Mtu aliyekulia Mara hahitaji shahada kujua ratiba hiyo ni ya nani. Ni ya ng'ombe.

Basi nikampigia simu mjomba, kaka yake mama, ambaye ndiye niliyemwachia mashine ile.

“Mjomba, shikamoo.”

“Marahaba, mama. Hamjambo huko?”

“Hatujambo. Mjomba, mashine iko wapi?”

“Iko salama.”

“Salama wapi?”

“Imelala na wenzake,” akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesubiri kushukuriwa.

Mimi ni mwepesi wa hasira. Upande wa baba, Tarime, wanasema nilizaliwa nimekunja ndita, na sikatai. Nilimuaga mjomba kwa adabu zote, nikaweka simu mezani, kisha nikamfokea mtu wa kwanza aliyeingia ofisini, maskini wa watu alikuja tu kuazima chaja.

Niseme kwanza kazi yangu ni nini, maana hata mama yangu mzazi huwaambia majirani kwamba mwanawe anasikiliza ardhi, na wapo waliodhani nimekuwa mganga. Mwamba ukikatika na kuteleza huko chini, panatokea tetemeko, na mawimbi yanasambaa kutoka hapo. Mengine hupenya tumboni mwa dunia, hayo yana haraka. Mengine hutambaa juu juu, kwenye ngozi ya dunia. Hayo yanachelewa, ni makubwa na ya polepole, na ndiyo ninayoyapenda mimi. Yanaweza kutoka nusu ya dunia yakafika Serengeti, yakainua shamba, nyumba, ng'ombe na kanisa kwa pamoja na kuvishusha taratibu, na asiwepo hata mtu mmoja wa kusema amehisi kitu. Mashine tu ndiyo inayojua.

Wimbi hilo likifika linakupa habari mbili. Ya kwanza ni ya kule lilikoanzia: mwamba uliteleza vipi, pande zake ziligongana au ziliachana. Ya pili ni ya njia: limepita katika ardhi ya namna gani hadi likafika kwako limefifia kiasi hicho. Ukigonga chuma sauti inakwenda mbali, ukigonga gunia la unga inafia hapo hapo. Nilitaka kujua ardhi yetu ya Mara ni chuma au ni gunia. Shida ni kwamba habari hizi mbili zinakuja zimechanganyika. Dawa yake ni kupanga mashine kwenye mstari mmoja, kisha ukasubiri tetemeko litokee kwenye mwelekeo wa mstari huo. Wimbi likipita ya kwanza, ya pili na ya tatu, chanzo ni kile kile, kwa hiyo lolote litakalopungua ni la njia. Na ile ya katikati ndiyo shahidi. Ukiwa na mbili tu, mtu yeyote anaweza kukuuliza kama wimbi lilipungua kweli au ni moja ya mashine zako iliyokaa vibaya, nawe huna la kumjibu.

Mstari wangu ulianzia Robanda, pembeni mwa hifadhi, kwa mtu anayefanya kazi kambi ya watalii. Ukaishia milimani Tarime, mahali nilipopachagua kwa makusudi pawe mbali na mgodi wa dhahabu wa Nyangoto, kwa sababu kule ardhi imezoea baruti. Nilipouchora kwenye ramani ukapita Busawe, alikozaliwa mama yangu. Nilicheka peke yangu. Kazi yote ya kusomea uzamivu, na kumbe kipande cha katikati kiko nyumbani kwa mjomba.

Mjomba ni mrefu, mkavu, Msabato wa Jumamosi zote, hanywi chai wala kahawa, na akikaa kimya huwezi kujua kama anafikiri au anaomba. Siku ya kufunga mashine nilimwonyesha mahali nilipopachagua: kwenye jiwe kubwa lililochomoza mwishoni mwa shamba lake la mihogo.

“Huko nje?” aliuliza.

“Ndiyo mjomba. Kwenye mwamba, mbali na watu.”

“Mbali na watu,” alirudia, akatazama shamba, akanyamaza.

Kwetu mwanamume mzima akinyamaza hajakubali. Ameahirisha. Nalijua hilo tangu utoto, lakini siku hiyo nilikuwa na saruji mikononi na jua kisogoni, nikachukua kimya chake kama ndiyo. Nikachimba, nikaisawazisha mashine, nikaielekeza kaskazini kwa dira, nikafukia, nikafunga sola, nikaondoka na furaha zangu.

Sasa imelala na wenzake.

Profesa wangu, mwenye mradi, ni mtu mpole, na upole wake ndio unaokera, kwa sababu huwezi kugombana naye ukaridhika. Nilimweleza habari za Busawe. Akatazama michoro kwa muda, akavua miwani.

“Kifunge kituo hicho,” akasema. “Ukalete mashine, tutaipangia kazi nyingine.”

“Bila Busawe sina kitu, Profesa.”

“Basi badilisha swali.”

Hivyo tu, badilisha swali, kana kwamba nimekosa kitambaa cha bluu dukani, basi nichukue cha kijani. Nilibisha mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Mwisho akaniachia mlango mdogo: niende mwenyewe, nikipata mahali tulivu pale pale kwa mjomba, mashine ibaki. Nisipopata, nirudi nayo. “Lakini zizini haitabaki,” akasema, na hapo hakuwa mpole.

Hasira yangu niliibeba kutoka Dar hadi Mugumu. Bodaboda aliyenichukua Mugumu kwenda Busawe nilimgombeza kwa mwendo, nikamgombeza kwa redio, nikamgombeza kwa kunyamaza. Nilikuwa nimeshapanga maneno yote nitakayomwambia mjomba. Nikashuka, nikamkuta amesimama nje ananingoja, amevaa koti lake la kanisani katikati ya wiki kwa ajili yangu. Nikasema, “Shikamoo mjomba,” na yale mengine yote yakayeyuka.

Hakunikaribisha hata maji. Alinishika mkono akanipeleka moja kwa moja zizini.

Lazima nieleze zizi kwa asiyetujua. Kwetu zizi haliko pembeni mwa mji. Liko katikati, na nyumba zimelizunguka, milango ikilitazama. Mwanamume anazaliwa akisikia ng'ombe wakicheua, anaoa akiwasikia, anazeeka akiwasikia. Kitu cha thamani hakiwekwi kwingine. Na humo, kwenye kona ya juu ambako mwamba uko karibu, mjomba alikuwa amechimba shimo zuri kuliko langu. Alikuwa ameizungushia mashine mawe, juu ya mawe miiba, akapitisha nyaya ndani ya bomba la maji ng'ombe wasizitafune, akapigilia sola juu ya nguzo. Hata majani yaliyoangukia kwenye sola yalikuwa yamefutwa. Ndama mmoja alikuwa analamba nguzo ile kwa raha zake.

“Unaona?” mjomba akasema. “Hapa hata mimi nikitaka kuiba siwezi.”

Mke wa mjomba alikuwa amesimama nyuma yetu na mwiko mkononi. “Muulize anavyoichungulia,” akaniambia. “Mimi nimezaa naye watoto wote hawa, sijawahi kuchunguliwa hivyo.”

Tukaingia ndani, nikaletewa uji, na mjomba akanieleza kisa chote. Siku chache baada ya mimi kuondoka, habari ilikuwa imesambaa kwamba mtoto wa kike kutoka Dar amefukia mashine inayonusa dhahabu. Na ungewalaumu vipi? Mkoa huu mtu wa mjini akichimba shimo, akaweka kisanduku na kuondoka bila kusema mengi, atakuwa anatafuta nini kingine? Mjomba akaanza kuona nyayo shambani. Asubuhi moja akakuta pale kwenye jiwe pamechimbwa pande mbili kwa sururu, mihogo imeng'olewa, mashine imeachwa kwa bahati. Jioni hiyo hiyo akaihamisha.

“Uliniachia kitu chako,” akasema. “Nikiache kilale nje?”

Hasira yangu ilikuwa imebaki bila mwenyewe. Mwanzo nilidhani mjomba ameharibu kazi yangu kwa ukaidi, na kumbe kama angenisikiliza ningekuwa sina mashine kabisa.

Lakini pale haikuweza kubaki, na ilinipasa nimwambie. Nilianza kwa mbali. Nikamweleza kwamba kuigeuza alipoihamisha si neno, nimeshajua kwa wimbi lile la kusini imegeuka kiasi gani, na kwa hesabu naweza kuirudisha kusini kwake. Akafurahi. Nikamwambia na kelele za kwato si neno, zile ni za haraka haraka, mawimbi yangu ni ya polepole, nazichuja kama mtu anavyochuja chai.

“Sinywi chai,” akasema.

“Kama togwa basi, mjomba.”

“Sasa shida ni nini?”

Shida ni uzito. Niliweka bakuli la uji kwenye benchi, nikamwomba mke wa mjomba akalie mwisho wa benchi, naye, mama wa watu mwenye mwili wake, akakaa kwa makusudi kwa nguvu zote. Benchi likainama, uji ukaenda upande. Nikasema, ng'ombe akisimama karibu na shimo, ardhi inainama hivyo, kidogo mno, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Lakini mashine inaona, na haiwezi kutofautisha kuinama huko na wimbi refu linalotoka mbali. Kila ng'ombe anaposogea, mimi napata tetemeko la uongo. Na hilo siwezi kulichuja.

Mjomba alitazama ule uji muda mrefu.

“Kwa hiyo?”

“Profesa anasema niirudishe Dar.”

Mke wa mjomba akainuka akachukua bakuli, akatoka nalo. Mjomba akaweka mikono yake magotini. Nilisubiri anyamaze kama kawaida yake, lakini safari hii alisema.

“Mpwa wangu, kijiji kizima kinajua uliniachia mimi. Hapa mtu akiniachia ng'ombe wake, anamkuta. Ukiondoka nayo leo mbele ya watu, kesho nitaulizwa niliifanya nini hata ikachukuliwa. Niwaambie imechukuliwa kwa sababu ya uji kuinama?”

“Na mimi nikiondoka nayo, mjomba, miaka yangu yote ya kusoma inabaki mstari uliokatika katikati.”

Tukatazamana. Kisha tukacheka kidogo, kile kicheko cha watu wawili waliokwama kwenye tope moja. Tukaanza kutafuta mahali pengine. Kwenye jiwe la shambani haiwezekani. Ndani ya nyumba watoto wanakimbia, watu wanatwanga kinuni. Shuleni ni nje ya mstari, na tena shule ndiyo yenye watoto wengi zaidi. Kanisani mjomba mwenyewe alikataa, akasema Jumamosi watu wanaimba na kukanyaga kwa nguvu. Ng'ombe wakarudi jioni, akaenda kuwahesabu kama kawaida, na nikamwona amesimama zizini katikati yao muda mrefu kuliko kawaida, mkono mgongoni mwa fahali wake mwekundu.

Nililala vibaya. Nilikuwa nimeshakata shauri kwamba asubuhi nitaing'oa mashine, nitamtetea mjomba kwa yeyote atakayeuliza, na njiani nitafute swali jingine.

Asubuhi niliamshwa na mapanga. Nilitoka nikamkuta mjomba, wanawe wakubwa wawili na majirani kadhaa wako chini ya mteremko, mbali na nyumba, karibu na kijito. Wanakata miiba, wanachimbia nguzo.

“Mnajenga nini mjomba?”

“Zizi.”

“Si kuna zizi pale?”

“Lile lina mwenyewe sasa.”

Nilidhani anatania. Jirani mmoja alikuwa ameacha kazi, anacheka ameshika mbavu, anasema kwamba tangu wazee wa wazee hajasikia mtu akihamisha ng'ombe ili kipande cha bati kipate usingizi, na kwamba mjomba aseme tu ukweli, ameoa mke mdogo. Mjomba aliweka panga chini. Alinivuta pembeni.

“Ng'ombe ni wangu,” akasema. “Nikiwahamisha, nimehamisha changu, hakuna wa kuniuliza. Hiyo ni yako. Ya kwako haihami hapa.”

“Mjomba, zizi la babu hilo.”

“Babu alikuwa na ng'ombe tu,” akasema. “Hakuwa na mpwa mwenye mashine.” Kisha akarudi kwenye nguzo zake.

Jioni ng'ombe waliporudi wakaelekea kwenye zizi walilolizoea, na ilibidi wasukumwe, wapigiwe miluzi, waitwe kwa majina. Fahali mwekundu aligoma kabisa, akasimama mlangoni pa zizi la zamani akiangalia ndani, mpaka mjomba mwenyewe alipoenda kumshika pembe na kumwongoza. Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka, ingawa nilikuwa nageuka pembeni mara kwa mara kufuta macho. Kesho yake nikaichimbua mashine, nikaisawazisha upya, nikaielekeza kaskazini kwa dira, nikairudisha kwenye shimo lile lile la mjomba. Nilimpigia Profesa nikamwambia kituo kinabaki na ng'ombe wamehama.

“Wamehama?” akauliza.

“Ndiyo.”

Akasema sijawahi kumpa sababu nzuri kama hiyo.

Baada ya hapo ikawa kusubiri, na kusubiri matetemeko ya wenzako ni kazi ya ajabu. Huwezi kuomba tetemeko litokee. Unaomba tu kwamba kama ni la kutokea, litokee mahali pasipo na watu, na liwe kwenye mstari wako. Busawe ikawa kimya kizuri. Robanda ilikuwa inanisumbua mara moja moja: mwenyeji wangu ananiambia kwa simu tembo wameingia kwenye mahindi yake, nami nafungua kompyuta nawaona wakipita, wazito, wasio na haraka. Nilimpa pole za mahindi. Tarime ilipigwa na radi, nikatengeneza. Busawe haikunisumbua kwa lolote. Kila asubuhi niliifungua kwanza, kabla ya nyingine, na kila asubuhi ilikuwa mstari ulionyooka.

Kisha siku moja kusini kukatikisika tena, kule kule baharini, mbali na nchi ya mtu yeyote. Niliona habari zake, nikavuta kiti karibu na kompyuta. Robanda ikaanza kupanda. Polepole, mlima mmoja, bonde moja, mlima mwingine. Kabla watu wawili wa kwetu hawajamalizana salamu, Busawe nayo ikapanda, wimbi lile lile kwa umbo lile lile, kisha Tarime. Zote tatu zikaelekeza kusini. Nilipima, nikarudia, nikamwita mwenzangu apime. Lilikuwa halijafifia ila kidogo mno. Limepita chini ya Robanda, chini ya Busawe, chini ya milima ya Tarime, likatoka upande wa pili zima. Ardhi yetu ni chuma. Na kwa kuwa njia ilikuwa haijalichafua, hata chanzo chake kilisomeka vizuri: pande mbili za sakafu ya bahari zilikuwa zimeachana. Nilipiga kigelegele kwenye korido ya chuo, mtu mzima mimi. Yule mwenzangu wa chaja alifungua mlango kuona nani anaolewa.

Nilisafiri kwenda Busawe nikiwa na kompyuta begani na sukari na mchele mkononi. Safari hii sikumgombeza mtu. Mjomba alikaa mbele ya kompyuta na miwani yake, nikamwonyesha ile milima mitatu iliyopangana.

“Hii ya katikati ndiyo hapa kwangu?”

“Ndiyo hapa hapa.”

“Kwa hiyo siku hiyo mimi nilipanda?”

“Ulipanda, ukashuka. Wewe, mama watoto, nyumba yote.”

“Mbona sikuhisi?”

“Hakuna anayehisi, mjomba.”

“Hata ng'ombe?”

“Hata ng'ombe.”

Alifurahi mno. Siku nzima kila aliyepita njia aliitwa aje aone jinsi Busawe ilivyoinuliwa, na mjomba ndiye aliyekuwa akieleza, mimi nimekaa tu nakula njugu. Yule jirani wa utani wa mke mdogo naye alikuja. Aliangalia, akauliza kwa heshima kabisa kama nyumba yake nayo ilipanda. Mjomba akamwambia ilipanda, ila kidogo. Nilimwacha aseme.

Tulikula ugali wa mtama na kuku. Giza lilipoanza kuingia, mjomba aliinuka, akachukua blanketi lililokunjwa juu ya kabati, tochi na rungu lake, akatuambia tulale salama.

“Anaenda wapi?” nikamuuliza mke wake.

“Kulala.”

“Kulala wapi?”

Alinitazama kana kwamba nimekuwa mjinga ghafla. “Wewe ulidhani ng'ombe wakikaa kule kijitoni wanajilinda? Wezi wa huku huwajui? Ana kibanda chake kule. Tangu siku ile mlipojenga.”

“Tangu siku ile?”

“Mvua zote zile. Vijana walisema wapokezane, akakataa, anasema yeye ndiye aliyewahamisha.”

“Mbona hamkuniambia?”

“Alikataza. Alisema ukijua utaing'oa.”

Nilikuwa nimeangalia ule mstari ulionyooka kila asubuhi kwa miezi, nikausifia, nikawaonyesha watu, na sikuwahi kujiuliza kimya kile kinatoka wapi. Mjomba alikuwa amewapenda ng'ombe wake wawe karibu na kitanda chake maisha yake yote, sasa alikuwa amewafuata wao, na kitanda chake kimeachwa kiitazame mashine yangu. Nikatoka mbio kumfuata.

Nilimkuta hajafika mbali. Mwanga wa tochi yake ulikuwa umeenda upande wa nyuma ya nyumba, wakati njia ya kwenda kijitoni inapita katikati, kando ya zizi la zamani, hatua chache tu. Nilitaka kukata hapo hapo nimuwahi, akaniona.

“Usipite hapo,” akasema kwa sauti ya chini. “Utaitikisa. Zunguka.”

Kumbe ndivyo alivyokuwa akienda kila jioni na kurudi kila asubuhi: nyuma ya nyumba, nyuma ya ghala, pembeni mwa mihogo, halafu ndipo ashuke mteremko. Alikuwa akinyata kwenye mji wake mwenyewe. Nyayo za mtu mmoja ni za haraka mno, nyepesi mno. Mawimbi ninayoyatafuta mimi hayawezi kuguswa nazo, na ningeweza kumwambia hivyo kwa sentensi moja.

Nikazunguka. Nikamfikia nyuma ya ghala, nikampokea blanketi, tukaendelea, yeye mbele mimi nyuma, tukikanyaga taratibu.